Je, programu ya kuchambua maandishi ni kazi ya mtaalamu wa kompyuta peke yake?

Wengi huamini kwamba programu ya kuchambua maandishi hutengenezwa na mtaalamu wa kompyuta, kisha mtafiti wa fasihi au historia hukabidhiwa aitumie. Si ajabu kuamini hivyo, maana kinachoonekana ni kompyuta.

Ila ugumu mkubwa umo katika lugha yenyewe. Fungua faili refu la Kiswahili, utafute “soma”. Utaletewa “anasoma” na “walisoma”, lakini pia “Somalia” na “Msomali”, ambayo hayahusiani nalo hata kidogo. “Hasomi”, “wamesomeshwa” na “msomi” yataachwa nje. Kompyuta haijakosea, imefuata ilichoagizwa. Kwamba ukanushi wa wakati uliopo hugeuza “a” ya mwisho kuwa “i”, hilo lazima aliseme mtu wa isimu, na mwandishi wa programu aligeuze kuwa kanuni.

Tenzi za kale za pwani zinadai ushirikiano mkubwa zaidi, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, na katika miswada mingi herufi moja, ba, husimama badala ya b, p, hata mb. “Pata” na “bata” huweza kuandikwa vilevile. Anayeamua ni mjuzi wa lahaja aliyeuelewa ubeti mzima.

Ukipewa programu ya namna hii, chukua ukurasa mmoja, hesabu neno lako kwa mkono pamoja na minyambuliko yake, kisha linganisha na jibu la kompyuta. Zikitofautiana, waandikie walioitengeneza: orodha yako ya maneno yaliyoachwa ndiyo wanayoihitaji.