Dola ya kisekula si dola ya wamkanao Mungu

Wengi wakisikia dola ni ya kisekula, yaani haifungamani na dini yoyote, huelewa kwamba imempa Mungu kisogo. Dhana hiyo ni kongwe, ila haina mashiko.

Tazama Ufaransa, inayosifika kwa ukali katika jambo hili. Sheria yake ya 1905 inaanza kwa kulinda uhuru wa dhamiri na wa kuabudu. Kifungu cha pili ndicho kinachosema dola haitambui dini yoyote, hailipi mishahara ya viongozi wake wala haitoi ruzuku. Lakini papo hapo kinaruhusu fedha za umma zigharamie huduma za kiroho shuleni, hospitalini na magerezani. Mantiki yake iko wazi: mfungwa hawezi kujitokea tu kwenda kusali, na anayemfungia ndiyo dola yenyewe. Sehemu hii wanaolalamika huiruka.

Hata Kanisa Katoliki lina mapadri wa kisekula, nao ndio wale wa jimbo, wasio wa shirika la kitawa. Wanaadhimisha misa kama kawaida, na hakuna anayewaita wapagani.

Dola ikitaka kweli kuikana dini, hufanya kama Albania ilivyofanya mwaka 1967: ilifunga misikiti na makanisa na kuharamisha ibada. India ni kinyume kabisa. Iliuingiza usekula katika utangulizi wa katiba yake mwaka 1976, na bado Diwali, Idi na Krismasi ni sikukuu za serikali.