Mabomba ya radieta na boriti za sakafu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Nyumba mpya nyingi za Uingereza zina sakafu ya ghorofa iliyobebwa na boriti za mbao, zilizopangwa kila mm 400 au mm 600. Mabomba ya maji ya moto yanayokwenda kwenye radieta, yaani paneli za chuma za ukutani zinazopasha chumba joto (si rejeta ya gari, ingawa ni ndugu), hupita humo, chini ya mbao za sakafu na juu ya dari. Njia ya bomba isipochorwa mapema, msumeno ndio utakaoichora.

“Boriti ni nene, kuikata kidogo hakudhuru”

Inategemea umekata wapi na kwa kina gani. Uwezo wa boriti kuhimili kupinda hufuata mraba wa kimo chake. Chukua boriti ya mm 47 kwa mm 220. Ukiikata juu kwa mm 55, umeondoa robo tu ya kimo, lakini nguvu iliyobaki pale ni kama asilimia 56. Fanya hivyo katikati ya chumba, ambako boriti hupindwa zaidi, na sakafu itaanza kubonyea.

Kanuni iliyozoeleka Uingereza, kwa boriti za mbao nzima zenye kimo kisichozidi mm 250, inasema mkato wa juu usizidi moja ya nane ya kimo, na ukae kati ya 0.07 na 0.25 ya urefu kutoka tegemeo (ukuta unaobeba ncha ya boriti) hadi tegemeo. Kwa boriti yetu, ikiwa na urefu wa m 4, hiyo ni kina cha mm 27, kati ya sm 28 na m 1 kutoka kwenye tegemeo. Bomba la mm 15 linaenea bila shida. Upande wa chini wa boriti usikatwe kabisa.

“Afadhali mkato kuliko tundu, tundu linatoboa mbao mpaka upande wa pili”

Ni kinyume chake. Boriti ikibeba mzigo, nyuzinyuzi za mbao za juu hubanwa na za chini huvutwa. Katikati ya kimo mbao haibanwi wala haivutwi na mpindo huo, kwa hiyo tundu la hapo huiba nguvu kidogo sana. Linaruhusiwa kufikia robo ya kimo, yaani mm 55 kwa boriti hii, kati ya 0.25 na 0.4 ya urefu: m 1 hadi m 1.6 kutoka kila tegemeo. Sm 80 za katikati haziguswi. Matundu mawili yaachane, kitovu kwa kitovu, angalau mara tatu ya kipenyo cha lililo kubwa, na tundu na mkato viachane mm 100.

Faida nyingine: bomba lililo mm 110 chini ya sakafu halifikiwi na misumari. Lililo ndani ya mkato linafikiwa, ndiyo maana mkato hufunikwa kwa bamba la chuma.

Shida ni kutoboa. Kati ya boriti mbili kuna nafasi ya mm 353, na drili ya kawaida ikiwa na biti ndefu haienei, kwa hiyo matundu hutoka mshazari. Tumia drili ya kichwa cha pembe.

“Vipimo hivyo ni vya boriti zote”

La. Boriti za kiwandani zenye umbo la herufi I zina mikanda ya juu na chini isiyokatwa hata milimita moja. Matundu hutobolewa kwenye ubao mwembamba wa kati, kwa jedwali la mtengenezaji. Zile zenye vyuma vya zigizaga hazitobolewi: bomba hupita kwenye uwazi wake.

“Shaba ndiyo kazi, plastiki ni kubahatisha”

Jaribu kupitisha shaba iliyonyooka ya m 3 kwenye matundu yaliyoachana sm 40. Utaikatakata vipande, na kila kiungo kitafichwa chini ya sakafu. Plastiki ya roli hupita kwa mkupuo mmoja. Iwe yenye tabaka la kuzuia oksijeni, la sivyo radieta za chuma zitaota kutu ndani. Weka kibomba kifupi cha kuimarisha ndani ya kila ncha kabla ya kuisukuma kwenye fitingi, na mita ya kwanza kutoka kwenye boila (mtambo unaochemsha maji ya radieta) iwe ya shaba.

“Sakafu ikialika usiku, kuna hewa kwenye mabomba”

Hewa hububujika. Mlio wa kualika ni bomba linalojisugua kwenye mbao likitanuka. Shaba ya m 10 ikipanda joto kwa nyuzi 60 huongezeka kama mm 10, na plastiki zaidi ya mara saba ya hapo. Toboa mm 22 kwa bomba la mm 15, na usiligandamize bomba kwenye ukuta pale linapokata kona.

“Mm 15 inatosha popote”

Kwa boila, mara nyingi ndiyo. Pampu ya joto, mtambo wa umeme unaovuta joto kutoka nje badala ya kuchoma mafuta au gesi, hufanya kazi kwa tofauti ndogo ya nyuzi joto, kama 5 kati ya maji yanayokwenda na yanayorudi. Shaba ya mm 15, maji yakienda m 1 kwa sekunde, hubeba kW 3 hivi; kwa boila yenye tofauti ya nyuzi 11 ingebeba zaidi ya kW 6. Bomba kuu basi huwa la mm 22 au 28, na mm 28 haienei kwenye mkato wa mm 27. Itabidi lipite kwenye tundu, au lifuate boriti kwa urefu wake.