Tulia Miguu? Dhana Potofu Kuhusu Nyayo, Magoti na Kiuno Katika Gofu

Jioni, joto la Malindi likishapoa, pembeni mwa uwanja wa gofu kuna ushauri wa bure wa kutosha kumchanganya yeyote. Shika hivi, nyoosha mkono wa kushoto, tazama mpira. Miguu ikitajwa, hutajwa kwa amri moja tu: "Tulia!" Makedi, yaani wabeba mifuko ya fimbo, huirithi amri hiyo kwa wakubwa wao, na vijana wanaojifunza kwa kutazama huirithi kwa makedi. Inaniuma, kwa sababu vijana hao wana miguu mizuri waliyoizoeza kwa mpira na kuogelea, halafu wakishika fimbo wanaambiwa waigandishe.

Hapa nazungumzia mchezaji wa mkono wa kulia. Mguu wake wa mbele ni wa kushoto, ule ulio upande wa shabaha.

"Nguvu iko mikononi"

Mtazame mvuvi anayerusha kimia ufukweni. Anakanyaga, anazungusha kiuno, mabega yanafuata, mikono inakuja nyuma yake, na wavu unafunguka mwisho kabisa. Akitumia mikono peke yake, kimia kinaanguka miguuni pake kama furushi.

Swingi ya gofu, yaani mwendo mzima wa kurudisha fimbo nyuma na kupiga, ina mpangilio huohuo. Fimbo inaposhuka, kiuno ndicho kinachofikia kasi yake ya juu kwanza, kisha kifua, kisha mikono, na fimbo ya mwisho. Kiungo kimoja kikipunguza mwendo, kinachofuata kinaupokea. Vipimo vya kamera vimeuonyesha mfuatano huu kwa wachezaji bora, wafupi kwa warefu, wembamba kwa wanene. Na kiuno hakizunguki kwa kutegemea hewa. Miguu inasukuma ardhi, ardhi inausukuma mwili kwa nguvu iyo hiyo kuelekea upande wa pili, na hapo ndipo kiuno kinapopata cha kuegemea.

Mwenye shaka angekwenda Vipingo, safari fupi kusini mwetu, mashindano ya wanawake ya Magical Kenya Ladies Open yalipochezwa. Esther Henseleit wa Ujerumani alishinda mwaka 2019, na Aditi Ashok wa India mwaka 2023. Simjui mtu anayeweza kusema Aditi ana mikono ya mbeba magunia.

"Uzito ukae kulia mpaka fimbo ifike juu, ndipo urudi kushoto"

Hii ndiyo dhana inayoharibu zaidi, kwa sababu nusu yake ni kweli.

Watu huchanganya vitu viwili: mahali mwili ulipo, na mahali nyayo zinapokandamiza ardhi. Unaweza kuusogeza mkandamizo kutoka mguu mmoja hadi mwingine huku kichwa na kifua vikiwa karibu palepale. Jaribu sasa hivi ukiwa umesimama: bonyeza wayo wa kulia, kisha wa kushoto, bila kuyumbisha mabega. Anayeambiwa "hamisha uzito" akauchukua mwili mzima na kuupeleka kulia, nyonga yake inateleza nje ya wayo. Kurudi kutoka huko kunahitaji muda, na muda huo hana.

Jambo la pili ni wakati wenyewe. Mabamba ya kupimia mkandamizo yanaonyesha kwamba kwa wachezaji bora mkandamizo hufika mguu wa nyuma mapema, fimbo ikiwa bado inapanda, na huanza kurudi mbele kabla fimbo haijafika kilele. Yaani kwa kitambo kifupi mikono inakwenda nyuma huku miguu imeshageuka kwenda mbele. Fimbo inapokuwa nusu ya njia kushuka, sehemu kubwa ya mkandamizo iko tayari mguu wa kushoto. Anayengoja fimbo itue juu ndipo aanze kuhama amechelewa, na dalili yake sisi wa pwani tunaijua vizuri: fimbo inachota ardhi nyuma ya mpira, mchanga unaruka mbali kuliko mpira wenyewe.

Hatuna haja ya bamba la kupimia, kwa sababu tuna ufukwe. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, subiri mchanga ukauke kidogo mpaka uwe mgumu wenye unyevu. Vua viatu, shika fimbo au hata mpini wa fagio, fanya swingi moja tu bila mpira, kisha toka taratibu usome nyayo zako. Wayo wa kulia ukiwa umezama ukingo wa nje, upande wa kidole kidogo, uliyumba. Ukizama upande wa ndani, chini ya dole gumba, ulijiegemeza vizuri na kusukuma kutoka hapo. Wayo wa kushoto unatakiwa uwe umezama zaidi nyuma, kisiginoni na ukingo wa nje, kwa sababu ndiko mwili unakomalizia mzunguko. Rudia mahali papya, usome tena. Simjui mwalimu wa bei nafuu kuliko huyo, na hakuna atakayekudai ada ya uanachama.

"Kisigino cha mbele kisiinuke"

Jack Nicklaus alishinda mashindano makuu 18 kati ya 1962 na 1986, na kisigino chake cha kushoto kiliinuka waziwazi kila alipotumia draiva, fimbo ya mipigo mirefu. Bobby Jones kabla yake aliinua vilevile. Kama ni kosa, basi ni kosa lililojaza makabati ya vikombe.

Ila kuna namna ya kuinuka. Kisigino hakinyanyuliwi kwa makusudi kama mtu anayechungulia ukuta. Kinavutwa na mzunguko: kiuno kinageuka, goti la kushoto linaingia ndani kuelekea nyuma ya mpira, kisigino kinafuata. Halafu kinarudi palepale kilipotoka, na kule kutua kwake ndiko kunakoanzisha safari ya kushuka. Ajabu ni kwamba mwalimu wa Nicklaus, Jack Grout, alimfanya utotoni apige mipira mingi bila kuinua visigino kabisa, ili ajifunze mizani na jinsi vifundo vya miguu vinavyoviringika. Kwa hiyo kukibakisha kisigino chini ni zoezi zuri. Usiligeuze amri ya maisha.

"Funga kiuno, zungusha mabega tu"

Wazo ni kwamba kiuno kikikazwa, mwili unajipinda kama springi na kutoa kasi. Kijana mwenye kiwiliwili cha mpira anaweza kulimudu kwa muda. Mtu wa dawati, au dereva anayekaa kwenye usukani kutwa, atalipia kwa mgongo wa chini, sehemu inayoongoza kuumia miongoni mwa wachezaji gofu. Katika swingi iliyozoeleka mabega huzunguka takriban digrii 90 na kiuno takriban 45. Ili kiuno kifike hapo, goti la kulia hulegea na kunyooka kidogo, na hilo ni halali kabisa. Nimeona watu wakilikazia goti la kulia lisisogee hata chembe, kisha wanashangaa kwa nini fimbo haifiki juu.

"Mguu ukiteleza, swingi imeharibika"

Scottie Scheffler alishinda Masters, mojawapo ya mashindano makuu ya gofu, mwaka 2022 na 2024, na dhahabu ya Olimpiki mjini Paris mwaka huo wa 2024. Mtazame mguu wake wa kulia: unateleza, unaburuzika, wakati mwingine anaishia kusimama kama mtu anayeruka dimbwi. Mwalimu wake, Randy Smith, aliuacha mguu huo ulivyo. Nadhani alifanya la maana, maana mteleko huo hutokea mkandamizo ukiwa umeshakwenda mbele na kiuno kinazunguka kwa kasi, kwa hiyo mguu wa nyuma hauna tena mzigo wa kuushikilia.

Wengine huruka. Justin Thomas na Lexi Thompson huonekana visigino vikiwa juu fimbo inapogusa mpira. Hawajaamua kuruka wakati huo. Walikwishakandamiza ardhi mapema zaidi, na kilele cha msukumo hupita kabla fimbo haijafika kwenye mpira. Kinachoonekana kwenye picha ni mabaki ya kazi iliyokwisha. Kijana anayeiga picha, akaruka au kuburuza mguu bila kuanza na mkandamizo, anaiga moshi bila kuwasha moto.

"Goti la mbele libaki limekunjwa"

Hapana. Linakunjika mwanzo wa kushuka, mwili unapochuchumaa kidogo, kisha linanyooka kuelekea mpigo. Kunyooka huko kunausukuma upande wa kushoto wa kiuno juu na nyuma, na fimbo inaharakishwa. Wanaolazimisha goti libaki limekunjwa huishia kusukuma kiuno kuelekea mpira, wima wao unapotea na mpira unagongwa kwenye shingo ya fimbo, pale mpini unapoungana na kichwa.

Lakini goti hilo lihurumiwe. Tiger Woods wa ujanani alilinyoosha kwa ghafla sana, na baadaye alibadili swingi ili kulipunguzia mzigo. Dawa nyepesi ni kugeuza wayo wa mbele kidogo nje kabla ya kupiga. Ben Hogan alifundisha hivyo mwaka 1957: wayo wa nyuma unyooke sawasawa, wa mbele ufunguliwe kidogo kuelekea shabaha. Goti linapata njia ya kuzunguka bila kusokotwa.

"Kuchimbia miguu bunkani ni kuvunja sheria"

Bunka ni shimo la mchanga uwanjani, na sheria zinakuruhusu kuzamisha nyayo humo ili usimame imara. Miongoni mwa yaliyokatazwa ni kugusa mchanga kwa fimbo mbele au nyuma ya mpira, au katika swingi ya majaribio. Nyayo zikishazama umeshuka, kwa hiyo shika fimbo chini kidogo. Hapa kweli miguu hutulia kuliko kwingine, ila kiuno bado kinamaliza mzunguko.

"Bila viatu vya gofu huwezi kujifunza"

Sam Snead, mwenye ushindi mara 82 katika PGA Tour, mfululizo wa mashindano ya wachezaji wa kulipwa wa Marekani, alifanya mazoezi pekupeku na kuwashauri wengine wafanye hivyo. Mguu mtupu unakataa papo hapo ukipoteza mizani. Viatu ni muhimu kwenye nyasi zenye umande na penye kanuni za mavazi, lakini mtoto asizuiwe kuanza kwa sababu hana.

"Upepo ukizidi, ongeza nguvu"

Kusi likivuma usoni, mtu hukaza meno na kurusha miguu. Mpira unaopigwa kwa nguvu zaidi huzunguka zaidi, hupanda zaidi, na upepo unaupokea kwa furaha. Panua miguu kidogo, chukua fimbo ndefu zaidi kuliko kawaida, fupisha swingi, anza na mkandamizo zaidi mguu wa mbele na ubaki huko. Wazee wetu wa uwanjani husema "piga polepole", nao wamepatia.

"Mzee apige kwa mikono, miguu imechoka"

Hili husemwa kwa heshima, na ndilo linalowaumiza wazee. Mwili mgumu ukikatazwa kusogea chini, mzunguko wote unahamia mgongoni na mabegani. Shikamoo mzee, na tafadhali kiache kisigino cha kushoto kiinuke. Geuza nyayo zote mbili nje kuliko kijana anavyofanya, hasa ya kulia, ili kiuno kipate nafasi wakati wa kurudi nyuma. Rudisha fimbo mpaka pale mwili unapokubali, kisha kanyaga kisigino chini kwanza kabla mikono haijaanza kushuka. Ukimaliza, kisigino cha kulia kiwe juu, kitovu kitazame shabaha, na uweze kusimama hivyo mpaka mpira utue.