DPI ya printa ni nini?

Kwenye boksi la printa ya picha huandikwa kitu kama 4800 × 1200 dpi. DPI ni idadi ya nukta za wino ambazo printa inaweza kuziweka ndani ya inchi moja ya karatasi. Wanunuzi wengi huichukua namba hiyo kuwa ndiyo ukali wa picha, nami naona hapo ndipo wanapopotea.

Nukta si pikseli. Pikseli, yaani kipande kidogo kabisa cha picha ya kidijitali, huwa na rangi yoyote kati ya mamilioni, ilhali printa ya wino ya kawaida ina rangi nne tu: samawati, majenta (nyekundu ya kizambarau), njano na nyeusi. Haina tone la rangi ya ngozi. Chukua kioo cha kukuzia uliangalie shavu la mtoto kwenye picha iliyochapwa: utaona vitone vya njano na majenta, kimoja kimoja cha samawati, na weupe wa karatasi ukichungulia katikati. Anayevichanganya ni jicho lako. Kwa hiyo pikseli moja hula nukta nyingi, ndiyo maana printa yenye maelfu ya nukta huridhika na pikseli 300 kwa inchi. Picha ya inchi 4 kwa 6 inataka pikseli 1200 kwa 1800, megapikseli 2 na ushei. Simu ya megapikseli 12 inazo na za kusaza.

Printa ndogo zinazohamisha rangi kwa joto nyingi huandikwa 300 dpi, na mtu akiona 4800 pembeni huziacha. Kumbe joto likipanda au kushuka, kila nukta hupokea rangi nzito au hafifu, hivyo nukta moja yatosha kuwa pikseli nzima. Anga hutoka laini, bila chembechembe.

Kwa printa ya wino, mimi ningeuliza kwanza ina wino wa rangi ngapi. Ikiongezewa samawati hafifu na majenta hafifu, ngozi na mawingu hayatoki kama yamenyunyiziwa mchanga, kwa kuwa vitone hafifu havijitokezi sana juu ya weupe. Kisha karatasi. Ile ya kawaida hunywa wino, vitone vikatanuka na kuingiliana, na hapo hata nukta 4800 hazina pa kuonekana.