Kipimo cha sukari hakipimi insulini

"Sukari nimepima, Dokta, iko sawa." Maneno haya nayasikia kliniki kila mara, na mengi yanatoka kwa mwanamke ambaye hajaona siku zake miezi minne, au mama aliyekoma hedhi zamani na sasa anatokwa na damu. Nikitaja insulini, homoni ya kongosho inayoshusha sukari ya damu, anafungua mkoba ananionyesha karatasi ya maabara: 5.2, kabla ya kula. Kwake mazungumzo yameisha. Juzi nimemsikia mhudumu wa afya akimwambia mgonjwa hivyo hivyo, kwamba kwa sukari hiyo asihangaike na kansa ya kizazi, ile inayoanzia ukuta wake wa ndani. Hapo uvumilivu ukanishinda.

Sukari ya damu ni matokeo. Insulini ni nguvu iliyotumika kuyapata. Misuli, ini na mafuta vikiwa sugu kwa insulini, yaani visipoiitikia vizuri, kongosho haliachi sukari ipande. Linamwaga insulini nyingi kuliko kawaida, na asubuhi unasoma 5.2 ile ile. Ni kama nyumba ambayo sahani zinajaa kila jioni kwa sababu mama anakopa dukani kwa Mangi: ukichungulia sufuria utasema hapa hakuna shida, kumbe shida iko kwenye daftari la madeni. Hali hiyo inaweza kudumu miaka mingi kabla kipimo cha sukari hakijaonyesha chochote.

Na usugu huo si wa mwili mzima. Hili ndilo linalosahaulika hata na sisi wenyewe tuliosoma. Misuli inaweza kuwa sugu huku ovari zikiendelea kuitikia insulini vizuri kabisa, na sasa zinaletewa nyingi kupita kiasi.

Kuhusu homoni nitapita haraka. Estrojeni inaukuza ukuta wa ndani wa kizazi, projesteroni inautuliza na kuuandaa kutoka kama hedhi. Yai lisipopevuka projesteroni inakosekana, ukuta unaendelea kunenepa, na baada ya muda seli zake zinaweza kuanza kubadilika. Insulini iliyozidi inachochea ovari kutengeneza homoni za kiume, na mayai hayapevuki inavyotakiwa. Inalifanya ini lipunguze ile protini inayoshika homoni za jinsia kwenye damu, SHBG, kwa hiyo estrojeni iliyo huru inaongezeka. Mafuta ya mwili nayo yana kimeng'enya cha aromatasi, kinachogeuza homoni za kiume kuwa estrojeni, ndiyo maana mama mnene aliyekoma hedhi bado ana estrojeni ya kutosha kuukuza ukuta huo, ila projesteroni hana. Tena seli za ukuta wenyewe zina vipokezi vya insulini, na insulini inazichochea zigawanyike bila kupitia homoni nyingine yoyote.

Sasa kuna wanaoruka upande wa pili: basi si sukari hiyo hiyo, sukari inalisha kansa, acheni soda. Soda acheni, nakubali. Lakini hoja si hiyo. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti katika jarida la saratani la JNCI ambao ningependa kila daktari wa kinamama ausome. Watafiti waliangalia vinasaba tunavyozaliwa navyo, ambavyo havibadiliki kwa sababu mtu ameanza kula vibaya au ameacha kufanya mazoezi. Vinasaba vinavyopandisha insulini ya asubuhi vilikwenda sambamba na hatari kubwa zaidi ya saratani ya ukuta wa kizazi. Vile vya kupandisha sukari, au vya kuleta kisukari cha aina ya pili, havikuonyesha uhusiano huo. Kwa hiyo mwanamke anayenionyesha 5.2 ananionyesha namba ambayo, kwa swali hili, haina uzito aliodhani.

Mtu ataniuliza, mbona wenye kisukari wanaugua saratani hii karibu mara mbili ya wengine? Kweli wanaugua. Nadhani ni kwa sababu wengi wao wameishi na insulini ya juu kwa miaka kabla sukari haijapanda, pamoja na uzito. Nasema nadhani, kwa sababu kutenganisha uzito na insulini ni kazi ngumu, na sijaona aliyeimaliza vizuri. Unene unahusiana na saratani hii kuliko karibu kansa nyingine zote. Halafu kuna aina kali, ile ya serasi, inayowapata zaidi wanawake wenye umri mkubwa na haifuati njia hii ya homoni kwa unyoofu. Mama mwembamba asijione amesalimika.

"Basi niandikie kipimo cha insulini." Siandiki. Maabara hazilingani, na hakuna kiwango kilichokubaliwa cha kusema hapa ni kawaida na hapa ni hatari. Ile hesabu ya HOMA, ya tangu 1985, inayokadiria usugu kutokana na sukari na insulini ya asubuhi, inafaa kulinganisha makundi ya watu kwenye tafiti. Kwa mwanamke mmoja aliyekaa mbele yangu siiamini kiasi cha kumtoza fedha.

Naangalia shingo. Nyuma ya shingo na kwenye makwapa ngozi inakuwa nyeusi, nene kidogo, laini ukiipapasa kama mahameli. Wasichana wanakuja na shingo zilizochubuka kwa dodoki na jiwe, maana nyumbani wanaambiwa hawaogi wakatakata. Si uchafu jamani. Mara nyingi ngozi hiyo inaashiria insulini imezidi, na mtoto anasimangwa kwa sababu yake. Kisha napima kiuno, naulizia siku zake. "Zinakuja zikitaka." Msichana mwenye PCOS, tatizo la ovari ambalo homoni za kiume huzidi na mayai hayapevuki vizuri, anayepata hedhi mara mbili kwa mwaka simwambii tu kuwa homoni zimevurugika nikamwacha aende. Kwa umri wake hatari ya sasa ni ndogo, lakini ukuta ule unahitaji projesteroni, iwe kwa vidonge au kwa kitanzi chenye homoni.

Mama aliyekoma hedhi akiona damu, hata tone kwenye khanga, hiyo si hedhi iliyorudi. Katika wanawake 100 wa namna hiyo, takribani 9 hukutwa na saratani. Na kuambiwa mlango wa kizazi uko salama baada ya kupakwa siki hakujibu swali hili, kwa sababu kipimo kile hakioni ndani.

Ultrasaundi nayo ninaitumia kwa tahadhari kuliko vitabu vinavyoniruhusu. Tumefundishwa kuwa ukuta ukiwa chini ya milimita 4 unaweza kumtuliza mama. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2024, uliofanywa kwa wanawake weusi, ulikuta kuwa hata kwa mpaka wa milimita 5, zaidi ya mmoja kati ya kumi waliokuwa na saratani wangeachwa. Vizazi vyenye fibroidi, ule uvimbe usio kansa, havipimiki kirahisi, na wagonjwa wangu wenye fibroidi ni wengi. Damu ikiendelea, nachukua kinyama, yaani kipande kidogo cha ukuta huo kikapimwe maabara, hata kama karatasi ya ultrasaundi ni nzuri.

Mwisho, metformini, dawa ya kisukari. Wengi wanainunua wenyewe wakiamini inazuia kansa. Katika jaribio la feMMe la Australia, lililochapishwa 2021, wanawake wenye ukuta ulioanza kubadilika au saratani ya mwanzo kabisa waliwekewa kitanzi chenye homoni. Waliopewa na metformini hawakupona zaidi ya wenzao. Naiandika kwa sababu nyingine, kwa kinga hii bado. Vidonge vya kawaida vya uzazi wa mpango, vile ambavyo mtaani vinasemwa kuwa vinaharibu kizazi, kila miaka mitano ya kuvitumia inapunguza hatari ya saratani hii kwa takribani robo, na kinga hiyo inaonekana hata miaka 30 baada ya kuviacha. Havimfai kila mtu, hasa mwenye presha au anayevuta sigara, kwa hiyo vijadili na daktari wako kwanza.