Nani hulipa kitanda? Medicaid, SSI na nyumba za vitanda 16

Ndugu zetu wengi wanaofanya kazi ya uangalizi Marekani, wakiwemo Wakenya na Wakongo, wako kwenye nyumba ndogo za watu wenye maradhi ya akili: wakazi wachache, jiko moja, mtu mmoja wa zamu ya usiku. Mimi ni afisa ustawi wa jamii kwenye huduma hizo, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuzuia mkazi asipoteze kitanda kwa sababu ya makaratasi. Watu wa zamu huniuliza: kama serikali inalipa, mbona mkazi bado anadaiwa kodi ya nyumba?

Analipiwa kutoka mifuko miwili tofauti. Medicaid, bima ya afya ya watu wa kipato cha chini inayogharimiwa na serikali kuu pamoja na majimbo, hulipa huduma: kusimamia dawa, kumsaidia mtu kuoga na kupika, kumsindikiza kliniki. Chumba na chakula, nje ya hospitali na vituo vya uuguzi, sheria hairuhusu Medicaid kuvilipia. Hivyo mkazi huvilipa mwenyewe, na wengi tegemeo lao ni SSI, malipo ya kila mwezi kwa wazee na watu wenye ulemavu wasio na kipato cha kutosha. Mwaka 2025 kiwango cha juu cha shirikisho kilikuwa dola 967 kwa mtu mmoja. Majimbo mengi huongeza kidogo. Mwenye nyumba akishachukua chake, mkazi hubaki na hela ya sabuni, soda na simu.

Nyumba zenyewe nazo ni ndogo kwa sababu. Medicaid ilipoanzishwa mwaka 1965, hospitali za akili zilikuwa mzigo wa majimbo. Miaka 10 kabla ya hapo zilikuwa na wagonjwa zaidi ya 550,000. Bunge la Marekani halikutaka serikali kuu iubebe mzigo huo, likaweka katazo: fedha za shirikisho zisimlipie mtu mzima aliye chini ya miaka 65 akiwa ndani ya taasisi ya maradhi ya akili. Mwaka 1988 sheria ikafafanua kwamba taasisi ya namna hiyo ni yenye vitanda zaidi ya 16. Ukiongeza kitanda cha 17, Medicaid inaweza kuacha kuchangia huduma za wakazi wa umri huo. Tangu 2018 majimbo yanaweza kuomba ruhusa maalumu, lakini ruhusa hiyo ni ya matibabu ya muda mfupi, wastani wa siku 30, wala haimhusu mtu anayehitaji mahali pa kuishi.

Kuna wenzangu wanaotaka kikomo cha vitanda 16 kifutwe. Mimi sikubaliani nao. Kinawalinda wagonjwa wasirudishwe kwenye mabweni makubwa ambako watu walisahaulika kwa miaka. Kinachoniuma ni kwamba milango ya hospitali ilifunguliwa, lakini fedha ya kodi ya nyumba haikuwafuata waliotoka.

Pengo hilo huonekana zaidi mkazi akizidiwa na kulazwa. Akikaa hospitalini mwezi mzima wa kalenda, na Medicaid ikawa ndiyo inayolipa zaidi ya nusu ya gharama, SSI yake kwa kawaida hushushwa hadi dola 30. Kodi haitoki. Mwenye nyumba anavumilia wiki kadhaa, kisha anampa kitanda mtu mwingine. Mgonjwa anapata nafuu, daktari anamruhusu, na hana pa kwenda ila makazi ya dharura.

Lakini kuna kifungu kinachoweza kumwokoa, nacho hakitumiki inavyopaswa. Daktari akithibitisha kwa maandishi kwamba mgonjwa hatarajiwi kulazwa zaidi ya miezi 3, na ikaonyeshwa kwamba anahitaji fedha ile ili kulinda makazi yake, SSI inaweza kuendelea kamili kwa miezi hiyo. Uthibitisho wote ufike ofisi ya Social Security, shirika la serikali kuu linalosimamia SSI, kabla hajaruhusiwa kutoka, au kabla ya siku ya 90, kutegemea ipi inatangulia. Kwa hiyo ukiwa zamu mkazi akachukuliwa na ambulansi, mjulishe msimamizi siku hiyohiyo, na ombeni barua ya daktari wiki ya kwanza. Barua ya mwenye nyumba inayotaja kodi ya mwezi iambatanishwe.

Angalieni pia akiba. Mtu mmoja anayepokea SSI haruhusiwi kuwa na zaidi ya dola 2,000, na kiwango hicho hakijapanda tangu 1989. Nyumba ikimtunzia mkazi hela mpaka zikapita hapo, malipo husimama, na katika majimbo mengi Medicaid inaweza kuyumba pamoja nayo. Mnunulieni viatu, godoro, koti la baridi, kwa hela yake na kwa chaguo lake, na risiti ziwekwe kwenye faili.