Walinzi wa uke hawapendi sabuni

Katika maabara, harufu huitangulia hadubini. Nikidondosha tone la hidroksidi ya potasiamu juu ya ute wa uke wa mgonjwa, mara nyingine inapanda harufu ya sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, waliolala siku mbili bila chumvi. Hapo, hata kabla ya kuinamia lenzi, nashuku kwamba walinzi wamepungua.

Walinzi hao ni bakteria waitwao laktobasila. Daktari Mjerumani Albert Döderlein aliwaeleza mwaka 1892. Wanakula sukari itokayo kwenye kuta za uke na kutoa asidi, ileile inayochachusha maziwa ya mgando. Kwa wanawake wengi pH ya uke hubaki kati ya 3.8 na 4.5, ukali ambao vijidudu vingi vibaya haviuwezi. (Wapo wenye laktobasila wachache na wazima kabisa, wingi wao peke yake si cheti cha afya.)

Sasa angalieni tunavyojidhuru. Mama anasikia harufu, anaona aibu mbele ya bwana, anajiosha ndani kwa sabuni, ndimu, maji ya chumvi au shabu. Siku mbili anajisikia msafi. Kumbe amewafagia walinzi, na bakteria aitwaye Gardnerella na wenzake wanajaza nafasi. Harufu inarudi, naye anaongeza sabuni. Chini ya hadubini seli zake zimefunikwa na vijidudu hadi kingo hazionekani, kama samaki aliyevingirishwa kwenye unga kabla ya kukaangwa. Huo ndio vajinosisi ya bakteria. Unaongeza hatari ya kuambukizwa VVU, na kwa mjamzito, ya kuzaa kabla ya wakati.

Hapa Bukavu kila kitu tunakiita "mikozi". Mikozi halisi ni kuvu: inawasha, na ute wake ni mweupe wa mabongemabonge. Metronidazoli, dawa ya vajinosisi, haiigusi. Antibiotiki za kununua vidonge vitatu vitatu bila kipimo zinaweza hata kuiamsha, kwa sababu zinaua walinzi.

Kibofu nacho ni jirani. Maambukizi mengi ya mkojo huletwa na bakteria E. koli kutoka utumbo mpana, akipitia mlangoni pa uke. Ndiyo maana mama aliyekoma hedhi, ambaye homoni yake ya estrojeni imeshuka na walinzi wamepungua, huungua mkojo mara kwa mara.

Na mabwana? Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2025 ulionyesha kuwa mwanamke akitibiwa peke yake, vajinosisi ulirudi ndani ya wiki 12 kwa asilimia 63 ya wanawake; mume alipotibiwa pia, asilimia 35. Basi mje wawili.

Oga nje kwa maji, inatosha. Na asubuhi ya kuja kupimwa usijioshe ndani kabisa. Najua mnaona haya mbele yetu, lakini mkishaosha, mnaniachia kioo kitupu cha kusoma.